Sura ya Sita: Shahada Moja, Ng'ombe Wangapi?

Kila Julai, matokeo ya kidato cha sita yakishatangazwa, nyumba nyingi huingia katika kikao kile kile. Mtoto amefaulu, ada haipo. Baba anataja shamba la kuuza. Mjomba aliyepigiwa simu anasema atachangia, ila si mwezi huu. Halafu anatokea jirani, ambaye hakualikwa, na kuuliza swali linalowakera wote kwa kuwa kila mmoja alikuwa nalo moyoni: "Akishamaliza, kazi iko wapi? Si mnawaona wenye digrii wanaendesha bodaboda?"

Jirani hana kosa kuuliza. Tatizo ni kwamba anataka jibu moja kwa watoto wote wa mtaa.

Nitoe msimamo wangu mapema, usisome kwa kubahatisha. Kwa vijana wengi wa Tanzania shahada bado inalipa. Lakini ipo shahada inayoiacha familia maskini kuliko ilivyokuwa, na tofauti kati ya hizo mbili huamuliwa mapema, katika kikao hicho hicho cha Julai, kwa mambo mawili: fedha inatoka wapi, na mtoto anakwenda kusoma nini. Akili ya mtoto, ambayo ndiyo tunayoijadili usiku kucha, naiweka ya tatu.

Enzi ambayo shahada ilikuwa kazi

Mwalimu Nyerere alipenda kukumbusha kwamba nchi ilipopata uhuru ilikuwa na wahandisi wawili na madaktari 12. Chuo kikuu chetu cha kwanza kilianza Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, ndani ya jengo la chama cha TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria. Nchi yenye ukame wa wasomi kiasi hicho haikuwa na sababu ya kumuuliza mhitimu amesomea nini. Serikali ilimsomesha, ikamlisha, ikampangia kazi. Aliporudi likizo kijijini, alirudi na gari la ofisi.

Watu husema elimu ya enzi hizo ilikuwa bure. Haikuwa bure, alilipa mkulima wa pamba, kahawa na mkonge, na Nyerere hakutaka hilo lisahaulike. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, likiwamo la kukatwa sehemu kubwa ya mshahara wakati wa utumishi huo. Aliwarudisha nyumbani karibu 400. Kisha, ili asionekane anawabana wenzake tu, akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20.

Miaka ya 1990 mambo yakageuka. Ukaja uchangiaji, yaani familia nayo kubeba sehemu ya gharama. Mwaka 2004 Bunge likatunga sheria ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, na Julai 2005 Bodi ikaanza kazi. Vyuo binafsi vikaongezeka, shule za kata zikamwaga wahitimu wa sekondari, na Chuo Kikuu cha Dodoma kikajengwa juu ya vilima. Shahada ikaacha kuwa kitu cha nadra. Vichwani mwa wazazi wengi, hata hivyo, imebaki ile ya mwaka 1970: ukiipata, umepata kazi. Sehemu kubwa ya machungu tunayoyasikia leo inatokana na familia kulipa bei ya leo ikitarajia malipo ya zamani.

Gharama zisizoandikwa kwenye fomu

Chukua fomu ya kujiunga ya chuo cha umma uisome hadi ukurasa wa mwisho. Juu kuna ada, ambayo kwa kozi nyingi ni milioni moja na kitu kwa mwaka. Chini yake vimejipanga vidogo vidogo: bima ya afya 50,400, ada ya uthibiti ubora 20,000, kitambulisho, mitihani, umoja wa wanafunzi, na pesa ya tahadhari ambayo wahitimu wengi hawarudi kuidai. Vyuo binafsi viko juu zaidi. Udaktari katika chuo binafsi unaweza kuwa mara kadhaa ya ada ya chuo cha umma, kila mwaka, kwa miaka mitano.

Fomu haitaji kompyuta ya mtumba kutoka Kariakoo, bando, kuchapa kazi stesheneri, godoro, wala nauli ya basi la Bukoba. Asiyepata kitanda bwenini hubebana na mwenzake, wawili kitanda kimoja, au, kama ni Dar es Salaam, hupanga Changanyikeni, Msewe au Sinza, ambako mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mkononi.

Gharama kubwa kuliko zote hizo haina risiti. Wachumi wanaiita gharama mbadala, yaani kile ulichokiacha ili upate ulichokichagua. Tuseme kaka anakwenda chuo kwa miaka mitatu na mdogo wake anabaki, anachukua bodaboda ya mkataba. Kila siku anapeleka hesabu ya 10,000 kwa bosi, anaweka mafuta, anabaki na 8,000. Kwa siku 300 za kazi hiyo ni milioni 2.4. Mwaka wa kwanza ukiisha mkataba umeisha, pikipiki ni yake; sasa baada ya mafuta na matengenezo anabaki na 15,000 kwa siku, sawa na milioni 4.5 kwa mwaka. Kaka anapovaa joho, mdogo wake ameshapitisha mkononi milioni 11.4. (Tumechukulia hakuanguka, hakuibiwa pikipiki, na trafiki walimwonea huruma. Waendesha bodaboda watacheka hapa.)

Hizo milioni 11.4 ndizo kaka alizozikosa, na ni gharama ya shahada yake kama ilivyo ada.

Hapo hapo kuna kosa ambalo hata watu wazuri wa hesabu hulifanya: wanajumlisha na chakula. Chakula cha mwanafunzi si gharama ya chuo, maana angekula hata angebaki nyumbani. Ndiyo maana boom, ile fedha ya kujikimu inayotoka Bodi, ina mvuto wa kipekee. Ilikuwa 8,500 kwa siku, ikapandishwa hadi 10,000. Kwa siku 240 za masomo hiyo ni milioni 2.4, sawa kabisa na alichobakiwa nacho mdogo mtu katika mwaka wake wa mkataba. Kuna vijana wanaokwenda chuo kwa sababu ya boom, na siwalaumu. Kwa kijana wa miaka 20 aliyetoka nyumba isiyo na kitu, ni mara yake ya kwanza kupata kipato cha uhakika. Asisahau tu kwamba ni deni.

Mikopo isiyofanana

Hapa ndipo ningependa msomaji atulie, kwa kuwa ndipo familia nyingi huharibu.

Neno mkopo linawatisha wazazi wetu, na wana sababu. Lakini mkopo wa Bodi na mkopo wa mtaani ni vitu viwili mbalimbali. Tuanze na wa Bodi. Chukua ada milioni 1.3, vitabu laki mbili, boom milioni 2.4; ni milioni 3.9 kwa mwaka, milioni 11.7 kwa miaka mitatu. Ukiajiriwa, mwajiri anakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Makato hayo yalikuwa asilimia 8 hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 2016, na waliokopa zamani walilalamika kwamba wamebadilishiwa mkataba mchezo ukiwa unaendelea. Walikuwa na haki ya kulalamika. Kwa mshahara wa laki nane, asilimia 15 ni 120,000 kwa mwezi. Deni linaisha baada ya miaka minane na kidogo.

Miaka minane si mchezo. Lakini angalia kilichotokea mwaka 2021. Kabla ya hapo, deni lilikuwa linaongezeka kwa asilimia 6 kila mwaka, tozo iliyoitwa ya kulinda thamani ya fedha. Kwenye deni la milioni 11.7, asilimia 6 ni 702,000 kwa mwaka, yaani 58,500 kwa mwezi. Karibu nusu ya makato ya mwanzo ilikuwa inaliwa na tozo, na deni lenyewe likisogea kwa taabu. Watu walikatwa miaka na miaka, wakiomba taarifa wengine wanakuta deni limesimama pale pale. Rais Samia alitangaza kuifuta tozo hiyo siku ya Mei Mosi 2021, na adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa kulipa ikafutwa vilevile.

Maana yake ni kwamba leo mwanafunzi anakopeshwa fedha isiyo na riba. Bei za vitu zikipanda kwa asilimia 3 hivi kwa mwaka, ile 120,000 atakayokatwa mwaka wa nane itakuwa na nguvu ya kama 95,000 ya leo. Hakuna benki nchini itakayompa kijana asiye na dhamana fedha kwa masharti hayo, wakati wowote wa maisha yake. Majirani zetu Kenya wanatozwa riba ya asilimia 4 na Bodi yao, HELB, na anayekaidi kulipa anapigwa faini ya shilingi 5,000 za Kenya kwa mwezi.

Sasa twende mtaani. Mtoto amepata mkopo nusu, au hakupata kabisa, na chuo kinataka ada ya muhula wa kwanza. Mama anakwenda ofisi ya chumba kimoja karibu na soko, anaacha kadi ya benki au kadi ya pikipiki, anatoka na milioni moja. Ndiyo mikopo ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu. Riba ya asilimia 20 au 30 kwa mwezi si habari mpya huko. Kwa asilimia 20, mama anayeshindwa kurejesha chochote anadaiwa milioni 1.2 mwezi wa kwanza, na riba ikipanda juu ya riba, zaidi ya milioni 1.7 mwezi wa tatu, mtoto akiwa bado hajafanya jaribio lake la kwanza. Hakuna shahada duniani inayoweza kukimbizana na riba hiyo.

Na yupo ng'ombe. Kuuza mali ili kusomesha kunasifiwa sana katika hotuba za mahafali, lakini kabla ya kupiga makofi tuulize mali gani. Kiwanja kilichokaa miaka kumi kikiota majani ni akiba. Kukiuza ni kuhamisha akiba kutoka ardhini kwenda kichwani, na mara nyingi ni uamuzi mzuri. Ng'ombe wa maziwa ni kitu kingine. Tuseme anatoa lita nane kwa siku, lita moja 1,000. Anayemuuza kwa milioni 1.5 anadhani shahada imemgharimu milioni 1.5. Toa gharama za majani, pumba na daktari, bado ng'ombe huyo angerudisha bei yake ndani ya mwaka mmoja au zaidi kidogo, na angeendelea kukamuliwa. Wadogo wa mwanafunzi waliokuwa wanasomeshwa na maziwa hayo sasa wanasomeshwa na nini? Nimeona familia zilizomfikisha mmoja chuo kikuu na kuwakwamisha watatu sekondari. Tangu mwaka 2016 ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne imefutwa, na tangu 2022 ya cha tano na sita pia, kwa hiyo ukwamishaji huo umepungua. Lakini sare, daftari, chakula na nauli vingali vikitoka kwenye maziwa.

Kwa ufupi:

- Mkopo wa Bodi ndiyo fedha nafuu kuliko zote. Uukimbilie.
- Mali iliyolala unaweza kuiuza. Mali inayolisha nyumba, usiiguse kwa ajili ya mtoto mmoja.
- Kuliko kuchukua kausha damu kwa ajili ya ada, ni bora mtoto aahirishe mwaka.

Wenye digrii wanaoendesha bodaboda

Turudi kwa jirani. Ushahidi wake ni wa kweli, na kama anataka namba, zipo. Juni 2014 Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, ulijaa zaidi ya watu 10,000 waliokuja kufanya usaili wa nafasi 70 za Uhamiaji. Mwanzoni mwa 2025 nafasi 14,648 za ualimu ziliombwa na watu 201,707. Mwaka huo huo Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596. Wakaomba 135,027, yaani watu 85 wakigombea kiti kimoja.

Namba hizo zinaogofya, ila zisomwe kwa makini. Mtu mmoja huomba kila tangazo linalotoka, kwa hiyo tunamhesabu katika kila foleni. Wengine tayari wana kazi, wanatafuta iliyo bora. Halafu kuna jambo ambalo jirani haliongelei: foleni ni ndefu kwa sababu watu wote wanapanga mstari kwenye mlango mmoja, wa serikali. Ni mlango wenye mshahara wa uhakika, pensheni na mkopo wa benki, na kila mzazi anautaka. Wanaofungua milango mingine hawajazani uwanjani, hivyo hatuwaoni.

Jambo la pili ni umri. Aliyemaliza darasa la saba hawezi kukaa bila kazi, njaa haimruhusu. Kesho yake anabeba zege. Mhitimu wa chuo anaweza kukaa mwaka mzima kwa dada yake Mbagala akituma maombi, kwa kuwa anasubiri kitu kikubwa na ndugu wanamvumilia. Ukiwapima wakiwa na miaka 25, mbeba zege anaongoza. Wapime wakiwa na miaka 40. Mgongo wa mbeba zege umechoka na kipato chake kilishafika kikomo zamani. Mhitimu, hata yule aliyeanza kwa kuuza chipsi, mara nyingi ameshapata upenyo, na mshahara wake bado unapanda.

Uchunguzi wa miongo mingi katika nchi nyingi umeonyesha kwamba mwaka mmoja wa masomo huongeza kipato cha mtu kwa karibu asilimia 9 kwa wastani, na katika Afrika elimu ya juu ndiyo inayolipa zaidi kwa kuwa waliofika huko bado ni wachache. Ila wastani una udanganyifu wake. Ukimweka mkurugenzi wa benki chumba kimoja na vijana tisa wasio na kazi, wastani wa mshahara chumbani humo utakuwa mzuri sana. Vijana tisa hawataonja. Tena waliofika chuo wengi walikuwa na kitu kabla ya kufika: shule nzuri, mzazi mwenye mshahara, shangazi mjini. Sehemu ya kipato chao ingekuja hata bila chuo.

Wengine humtaja Said Salim Bakhresa, aliyeacha shule akiwa kijana mdogo na akajenga moja ya kampuni kubwa za Afrika Mashariki. Mfano mzuri, lakini viwanda vya namna yake vinaendeshwa na wahandisi, wahasibu na wakemia, na hao hawakuokotwa barabarani. Na Mohammed Dewji, anayetajwa naye kwenye orodha za matajiri, alisoma Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, kwa fedha ya baba mwenye biashara. Ukitaka kufuata mfano wa tajiri, chunguza kwanza kama una baba wa namna hiyo.

Cheti kinamwambia nini mwajiri

Mwajiri anayetangaza nafasi moja na kupokea maombi 400 hawezi kuwahoji wote. Anahitaji njia ya haraka ya kupunguza. Anasema: mwenye shahada tu. Huenda kazi yenyewe ni kupokea simu na kupanga mafaili. Haamini kwamba chuo kilimfundisha mtu kupanga mafaili. Anaamini kwamba aliyevumilia miaka mitatu ya mitihani, akakwepa kudisko, yaani kufukuzwa kwa kushindwa masomo, ataweza na kazi yake. Cheti kinakuwa ishara. Mwanauchumi Michael Spence wa Marekani alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2001 kwa kuieleza hali hii, lakini kila meneja rasilimali watu pale Posta anaijua bila Nobel.

Ukitaka kuona jinsi ishara hii ilivyo na thamani, kumbuka Aprili 2017. Rais Magufuli alipokea orodha ya watumishi wa umma 9,932 waliokutwa na vyeti vya kughushi. Wengine walikuwa kazini miaka 20, wamepandishwa vyeo, wamekaribia kustaafu. Kazi walikuwa wanaifanya. Walichokosa ni karatasi, na karatasi ndiyo iliyowaingiza na ndiyo iliyowatoa.

Ishara ina ugonjwa mmoja: wakiwa nayo wengi, inapungua nguvu. Zamani shahada ilikutofautisha. Leo mezani pa mwajiri wote 400 wanayo, kwa hiyo anatazama kitu kingine. Leseni ya taaluma. Kiingereza chako ukisimama. Mahali ulipofanya mafunzo kwa vitendo, na kama bosi wa huko anaweza kupokea simu akakusemea vizuri. Wanafunzi wengi huchukulia mafunzo hayo kama likizo ndefu ya kusaini kitabu. Ni wiki nane ambazo kwa maoni yangu zina thamani kuliko muhula mzima darasani.

Halafu kuna konekisheni. Sisi tunaitamka kwa chuki, kana kwamba ni wizi. Lakini mengi yake ni ya kawaida kabisa: kundi la WhatsApp la darasa, ambalo miaka mitano baada ya mahafali bado linapitisha matangazo ya kazi saa nne usiku, na mtu anaandika, "Hapa ofisini kwetu wanatafuta mtu wa manunuzi, nani yuko tayari?" Mdogo mtu wa bodaboda ana kijiwe chake, na kijiwe humsaidia akipata ajali. Kijiwe hakina nafasi ya manunuzi.

Kozi hazifanani

Msichana anaambiwa asome "chochote, mradi chuo kikuu". Ushauri huo umewaumiza wengi.

Tazama sheria, kozi ambayo wazazi huipenda kwa ajili ya suti. Shahada ya sheria haikufanyi wakili. Lazima upite Shule ya Sheria kwa Vitendo, ada nyingine juu ya ada. Matokeo ya mwaka 2022 yalitikisa nchi: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Waliotakiwa kurudia baadhi ya mitihani walikuwa 342, na 265 waliondolewa kabisa. Serikali iliunda kamati, lawama zikagawanywa kati ya vyuo na Shule yenyewe. Kwa hesabu yetu lililo muhimu ni hili: wote 633 walikuwa tayari na shahada.

Uhandisi nao una ngazi yake ya baadaye, kwani mhitimu anafanya kazi chini ya usimamizi ndipo Bodi ya Usajili wa Wahandisi imsajili kikamilifu. Uhasibu una mitihani ya bodi ya wahasibu, NBAA. Kozi za namna hii zinachosha, lakini zina mlango mwembamba ambao ukiupita unalipwa kwa sababu si kila mtu amepita. Ualimu ni kinyume: mlango ulikuwa mpana, nafasi zikajaa, sasa wanaopata tumaini ni zaidi wa fizikia na hisabati. Kozi za jumla, zenye majina marefu na kazi isiyojulikana, ni nzuri kwa anayesoma chuo cha umma kwa mkopo na ana bidii ya kujiongeza. Kuzilipia mamilioni chuo binafsi kwa fedha ya shamba, sishauri.

Chini ya shahada kuna njia tunayoidharau kwa kuionea aibu. VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, imekuwa ikitoza 60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Soma tena namba hizo. Ni fedha ya vitenge viwili vya harusi. Fundi umeme wa viwandani au wa majokofu anayefika kwa wakati (hicho ndicho kigezo kigumu) hakosi simu. Na anayetaka shahada baadaye, Chuo Kikuu Huria kipo tangu miaka ya 1990. Anasoma huku kazi yake inaendelea, na ile gharama mbadala, milioni 11.4 za mdogo mtu, hailipi. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi inawakopesha pia wa stashahada, cheti cha kati kinachoishia chini ya shahada, katika fani zilizopewa kipaumbele.

Kabla hamjauza chochote

Kikao cha Julai kikianza tena, maswali haya yatangulie:

- Chuo na kozi vimo kwenye mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu wa mwaka huu? Mwaka 2017 Tume ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya, na wapo waliokuwa wameshapanga masanduku.
- Mkopo wa Bodi utafunika kiasi gani, na kinachobaki kitatoka wapi kila muhula hadi mwaka wa mwisho, si mwaka wa kwanza tu? Anayeacha mwaka wa pili anabaki na deni bila cheti, na hiyo ndiyo hasara kubwa kuliko zote.
- Tafuteni watu watatu waliomaliza kozi hiyo miaka mitano iliyopita. Wapigieni simu.
- Baada ya shahada, kuna mtihani au leseni nyingine? Ada yake ni kiasi gani?
- Kama ni sayansi na alama ni za juu, ameomba ufadhili wa Samia, unaotolewa tangu 2022/2023?

Swali la mwisho aulizwe mtoto mwenyewe, faraghani, bila mjomba: anaitaka kozi hiyo, au anawafurahisha? Anayesoma ili kuwafurahisha wengine ndiye huonekana kantini saa ya kipindi.

Kuna faida ambazo hazikuingia kwenye daftari letu. Binti aliyekaa bweni moja na wenzake wa Kigoma, Pemba na Rombo haolewi kirahisi na mtu wa kumnyamazisha. Hilo lina thamani, na kwa wazazi fulani ndilo hasa walilolilipia, hata kama hawalisemi. Sina bei yake. Ninachojua ni kwamba linapatikana katika chuo cha ada nafuu sawasawa na katika cha ada kubwa.

Basi, mzazi, usianze na dalali wa shamba. Wengi hukosa mkopo kwa fomu isiyo na sahihi, picha ya mdhamini iliyosahaulika, au cheti cha kuzaliwa ambacho hakikuhakikiwa. Nenda RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, mapema (Zanzibar nenda ZCSRA) ukahakiki cheti cha mwanao, na kama mzazi mmoja amefariki, cheti cha kifo pia. Weka kando 30,000 ya ada ya maombi, kaeni wawili mbele ya kompyuta, someni kila kipengele. Dirisha likifungwa halifunguliwi kwa sababu ulikuwa unatafuta mnunuzi wa shamba.